Toharani: Mahali au Hali? Uhakiki wa Maneno Yetu Juu ya Roho na Maisha Baada ya Kifo

Katika mafundisho yote ambayo Kanisa Katoliki hutoa kwa Kiswahili, hakuna yasikiwayo na watu wa namna nyingi kama yale yasemwayo penye kaburi. Mahubiri ya Dominika husikiwa na waumini peke yao. Lakini mazikoni hukusanyika jamaa wa kila dini, Wakristo na Waislamu na wale washikao mila za wazee, pamoja na watoto waliofuata mama zao. Hapo ndipo Padre au mwalimu wa dini huulizwa swali lile lile siku zote: Ndugu yetu huyu, sasa yuko wapi? Naye hujibu kwa maneno aliyoyarithi: roho, kuzimu, peponi, toharani, mbinguni, motoni.

Katika kurasa hizi hatutaki kuipima imani yenyewe, kwa kuwa imani ya Kanisa juu ya mambo haya imekwisha elezwa na Mitaguso. Twataka kuyapima maneno yaichukuayo, tuone kama chombo kinauweza mzigo. Maana mfiwa hapewi kitabu cha teolojia. Hupewa neno moja au mawili, naye huenda nalo nyumbani, huliwaza usiku, hulifuata katika kulia kwake na katika kutumia fedha zake. Neno likimpoteza, hana njia nyingine ya kurudi.

I. Roho na nafsi

Neno roho tumelipata katika Kiarabu, na neno nafsi vile vile. Kiarabu huyatenga maneno hayo mawili, kama Kiebrania kinavyotenga ruach na nefesh, na Kilatini spiritus na anima. Kiswahili cha Kikatoliki kimelichukua neno roho likabebe yote. Roho Mtakatifu ni roho; malaika ni roho; na kile kiachanacho na mwili mtu afapo ni roho pia.

Katika vinywa vya watu neno hilo lina kazi nyingine nyingi. Mwenye roho mbaya ni mwenye husuda. Aliye roho juu ana wasiwasi. Mroho ni mlafi. Na afaye hukata roho. Tuliangalie hili la mwisho. Mtoto wa shule afundishwapo kwamba roho haifi, kisha akasikia nyumbani kwamba babu yake amekata roho, huona maneno mawili yanayopingana. Mwalimu asimkemee, bali amweleze kwamba katika usemi ule wa kale roho ni pumzi, nayo pumzi hukatika kweli. Lakini roho tuinenayo katika mafundisho siyo pumzi. Akiyanyamazia hayo, mtoto atakua akidhani kwamba roho ni kitu chembamba kama upepo, kitokacho kinywani na kuzungukazunguka penye paa la nyumba.

Wako waonao kwamba dawa ni kulitumia neno nafsi. Twakubali kwamba nafsi lina faida: humtaja mtu mwenyewe, si kipande chake. Lakini lina hatari yake. Katika Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, mlango wa 5, aya ya 23, tafsiri ya Biblia iliyozoeleka huyataja pamoja nafsi, roho na mwili, na msomaji asiyeongozwa hudhani kwamba mtu ana viwili ndani yake, kila kimoja na safari yake baada ya kifo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaligusa jambo hilo katika namba 367, ikafundisha kwamba utengano huo hauigawi roho iwe mbili. Basi, maneno yote mawili yatumike, bali mwalimu aseme wazi kwamba aliye na nafsi na aliye na roho ni mtu yule yule mmoja.

Kuna kosa jingine ambalo huwapata hasa wenye elimu. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho yenye akili ni forma ya mwili. Mtu akilitafsiri neno hilo kuwa umbo, amelipotosha, kwa kuwa umbo kwa Kiswahili ni sura ionekanayo kwa macho. Afadhali tuseme kwa urefu kidogo: roho ndiyo iufanyayo mwili uwe hai, tena uwe mwili wa mtu. Lugha yetu yenyewe yashuhudia: mwili ukiisha kuachwa na roho hupewa jina jingine, huitwa maiti. Mtu, basi, si roho iliyovaa mwili kama kanzu, naye akifa hajavua vazi lisilohitajiwa tena. Ndiyo sababu Kanisa halitosheki kusema kwamba roho haifi, bali hungoja na ufufuko wa mwili.

II. Kuzimu na peponi

Neno kuzimu lilichaguliwa vema na wale walioifasiri Kanuni ya Imani. Wazee walilitumia kwa makao ya wafu wote, wema kwa wabaya, nayo ndiyo maana ya Sheol ya Waebrania. Kristo aliposhukia kuzimu hakushuka katika moto wa waliolaaniwa. Alishuka walikokuwa wafu wakimngoja. Lakini siku hizi wahubiri wengi hulifanya kuzimu kuwa ikulu ya Shetani, na Wakristo wetu walisikia neno kwa maana hiyo huikiri Kanuni kila Dominika bila ya kujua wakirikicho. Hapa neno halina kosa. Limeharibiwa na matumizi. Kwa adhabu ya milele tunalo neno Jehanamu, tena tunalo motoni. Kuzimu tuliachie maana yake.

Peponi lina shida ya namna nyingine. Pepo ni jina la wale wampandao mtu na kumtesa, na katika Injili pepo wachafu hutolewa. Tena katika Injili ya Luka, mlango wa 23, mwivi aliyetubu huahidiwa peponi. Mtoto mwenye akili huuliza: Je, peponi ni kwa pepo? Mwalimu amjibu kwamba sikio lalihusisha neno hilo na upepo na ubaridi, nao watu wa pwani, wenye kulijua jua, wangewezaje kuitaja raha bila ya kutaja upepo? Jibu hilo ni zuri kuliko kulikwepa neno.

Pamoja na hayo, tuuangalie usemi wa kwamba wafu wamelala mpaka siku ya kiyama. Kwa kufariji ni usemi mwema, na Maandiko hayakuukataa. Lakini ukifanywa fundisho, huingia kosa ambalo Kanisa limekwisha kulijibu. Papa Yohane wa XXII, katika mahubiri yake huko Avignon tangu mwaka 1331, alisema kama mwalimu wa binafsi kwamba roho za wenye haki hazitamwona Mungu uso kwa uso kabla ya hukumu ya mwisho. Neno hilo lilileta mabishano makubwa, naye mwenyewe alilirudi kabla ya kufa mwezi wa Desemba mwaka 1334. Aliyemfuata, Benedikto wa XII, aliamua mwaka 1336 kwamba roho zilizotakata humwona Mungu mara baada ya kifo, au baada ya utakaso kwa wale wauhitajio, hata kabla ya kufufuka miili. Basi tunapoandika juu ya kaburi kwamba fulani amelala, tujue kwamba mwili ndio uliolala.

III. Toharani

Sasa twafika penye neno lililotufanya tuandike. Fundisho la Kanisa lenyewe ni fupi. Wafao katika neema na urafiki wa Mungu, bali hawajatakaswa kabisa, wana hakika ya wokovu wao wa milele. Lakini hupitia utakaso ili waupate utakatifu upasao kuingia katika furaha ya mbinguni. Tena, walio hai waweza kuwasaidia kwa sala, kwa sadaka, na zaidi kwa Misa. Huo ndio msingi wote. Mtaguso wa Trento, mwezi wa Desemba mwaka 1563, uliutaja kwa maneno machache, kisha ukawaagiza Maaskofu wayaepushe na mahubiri ya watu wasio na elimu maswali magumu yasiyojenga, tena wayakataze yale yanukayo upelelezi, ushirikina au faida mbaya ya fedha.

Lakini tukilichungua neno toharani, twaona kwamba limekwisha kuongeza kitu juu ya msingi huo. Kile kiambishi -ni cha mwisho hufanya mahali. Nyumba ni nyumba, nyumbani ni mahali. Soko ni soko, sokoni ni mahali. Basi msikiaji asikiapo toharani huona pa kukaa, pengine penye mlango na ukuta na mlinzi, kama gerezani.

Msidhani kwamba ni Kiswahili peke yake kilichofanya hivyo. Kilatini nacho kilipita njia hiyo. Mababa wa kale walinena kwa sifa tu: moto utakasao, adhabu zitakasazo. Mwanahistoria Jacques Le Goff, katika kitabu chake juu ya kuzaliwa kwa Purgatori, kilichotoka Ufaransa mwaka 1981, alieleza kwamba jina purgatorium, kama nomino ya mahali, lilitokea mnamo miaka ya 1170 hadi 1180. Wako wanaobishana naye, na kwa haki, kwa kuwa imani haianzi siku ipatapo nomino. Watu waliwaombea wafu karne nyingi kabla ya hapo, na kitabu cha pili cha Wamakabayo, mlango wa 12, chamsifu Yuda kwa kupeleka fedha Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliokufa. Lakini jambo moja alilionyesha vizuri: sifa ikigeuka kuwa jina, fikira za watu hujenga nyumba juu ya jina hilo. Nao Mtaguso wa Florence, mwaka 1439, ulipotafuta mapatano na Wagiriki, ulirudi kwenye ile sifa ya kale. Ulinena juu ya adhabu zitakasazo, wala haukutaja mahali wala moto, maana Wagiriki hawakuukubali moto huo.

Katika nyakati zetu Papa Yohane Paulo wa II, alipofundisha tarehe 4 Agosti mwaka 1999, alisema wazi kwamba purgatori si mahali, bali ni hali ya kuwa. Naye Benedikto wa XVI, katika barua yake Spe salvi ya mwaka 2007, alinena juu ya kukutana na Kristo ambaye mtazamo wake huunguza na kuokoa, akaongeza kwamba muda wa kuunguza huko haupimwi kwa vipimo vya saa za dunia.

Je, tulitupe neno toharani? Twasema sivyo, wala hatuna haja. Wanaolilaumu wamesahau nusu ya sarufi. Kile -ni hakitumiki kwa mahali tu. Mtu husemwa yumo hatarini, yumo mashakani, yumo taabuni, yumo safarini. Wala hakuna aulizaye hatari iko upande gani wa mji, au taabu ina milango mingapi. Hizo zote ni hali, nazo lugha imezivika vazi la mahali bila ya kumdanganya mtu. Toharani lasimama vizuri katika ukoo huo. Mwalimu amwambie mwanafunzi: usiliweke karibu na gerezani na sokoni, liweke karibu na safarini. Tena atumie kiambishi cha ndani, aseme marehemu wamo toharani, kuliko wako huko toharani. Kwa kuwa neno huko hunyosha kidole mbali, bali wamo hueleza mtu aliyezungukwa na jambo linalomtenda.

IV. Tohara ya mwili

Imebaki aibu ndogo ambayo kila mwalimu aijua, ingawa haiandikwi. Tohara kwa Waislamu ni usafi wa kumwezesha mtu kusali. Lakini kwa watu wengi wa nchi zetu ni kutahiriwa. Vijana darasani hucheka. Wengine humshauri mwalimu akwepe kwa kulitaja neno la Kilatini. Faida yake ni kwamba hawatacheka. Hasara yake ni kwamba hawataelewa.

Sisi twaona kwamba kicheko hicho chaweza kugeuzwa kuwa somo, kwa kiasi. Kijana aingiaye jandoni hakuhukumiwa. Ni mwana wa nyumba. Uchungu wake una mwisho, nao wote wajua kwamba atatoka akiwa mtu mzima. Walio nje hawamsahau, humpelekea chakula na kuingoja siku yake. Hapo kuna mfano mwema wa roho zilizo na hakika ya wokovu, zinazoteseka kwa tumaini, zinazosaidiwa na jamaa. Mtakatifu Katerina wa Genoa, aliyefariki mwaka 1510, alifundisha kwamba furaha ya roho hizo huzidi furaha zote isipokuwa ile ya mbinguni; jambo hilo mtu aliyelipitia jando huliona upesi kuliko aliyesoma tu.

Lakini mfano huo una mipaka mitatu. Kwanza, si makabila yote yenye desturi hiyo. Mila za kale za Wajaluo na za Wasukuma hazikuwa nayo, na huko mfano hautazaa kitu. Pili, usitajwe kamwe kwa namna ya kuupa heshima ukeketaji wa wasichana, ambao sheria ya Kenya ya mwaka 2011 huukataza, na ambao hauna utakaso wowote ndani yake. Tatu, jandoni kijana hujivunia uvumilivu wake mwenyewe. Toharani mtakasaji ni Mungu.

V. Kuomba na kuombea

Tukiyaacha majina, twaja kwenye vitendo, na hapa Kiswahili kimetupa zawadi ambayo lugha nyingi hazina. Katika tambiko, wazee waliokufa huombwa: waondoe ugonjwa, walete mvua, watulize hasira yao. Katika Misa ya wafu, wao huombewa. Kati ya kuomba na kuombea pana irabu moja tu na kitambo cha sauti, lakini imani yote imesimama hapo. Aombwaye ndiye mwenye nguvu. Aombewaye ndiye mwenye haja, na mwenye nguvu ni mwingine. Hata watakatifu hatuwaendei ili watoe kwa mkono wao; twawaambia watuombee. Mwalimu atakayelieleza jambo hili ubaoni kwa vitenzi viwili atakuwa ameondoa mashaka mengi ya wale waulizao kwa nini Padre hukataza tambiko naye mwenyewe huwataja wafu madhabahuni.

Kosa likaapo katika jambo hili, fedha hulifuata. Mjane aliyefundishwa kwamba mumewe yuko mahali penye moto, naye akadhani kwamba kila Misa humtoa hatua moja, atauza mbuzi wa mwisho. Vitabu vya sala vya zamani vilisaidia kosa hilo, kwa kuwa viliandika rehema za siku 300 au za miaka 7, na watu wakadhani ni siku na miaka ya toharani. Kumbe zilikuwa kipimo cha kitubio cha kale cha hapa duniani. Papa Paulo wa VI aliliondoa hesabu hilo la siku na miaka mwaka 1967, lakini vitabu hivyo vingali masandukuni mwa watu. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 945, yawahimiza Mapadre waadhimishe Misa kwa nia za waumini, hasa maskini, hata wasipopokea sadaka. Na kanuni ya 947 yakataza hata sura ya biashara. Kanuni hizo mbili zifaa kusomwa kwa Kiswahili mbele ya watu, kila mwezi wa Novemba.

VI. Marehemu

Twamaliza kwa neno ambalo twalitumia kila siku bila ya kulisikia. Maana yake marehemu ni aliyerehemiwa. Watu hulisema kama cheo cha aliyekufa, lakini ndani yake mna sala. Amwitaye mfu marehemu hasemi kwamba alikuwa mwema wala kwamba alikuwa mbaya. Amemweka katika rehema na kumwacha humo. Fundisho la Kanisa juu ya waliokufa haliwezi kupata neno fupi zaidi ya hilo. Kama mwalimu ana nafasi ya kufafanua neno moja tu mazikoni, na alifafanue hilo.

Na lile swali la yuko wapi, tusilijibu kwa -ni peke yake. Lugha yetu ina njia ya kumtaja mtu aliko bila ya kutaja mahali: yuko kwa mama, yuko kwa mjomba. Aambiwaye hivyo haulizi habari za nyumba; ajua ndugu yake yumo mikononi mwa nani. Kwa hiyo waalimu waseme kwanza kwamba marehemu amekwenda kwa Mungu, kisha, kama wataulizwa zaidi, waeleze utakaso kuwa ni kazi ya Mungu yule yule kwa mtu ampendaye. Wakiufuata utaratibu huo, neno toharani halitamtisha mfiwa, wala halitamfilisi. Litamfundisha kuombea.